Gauni la Jukwaani, Gauni la Nyumbani: Dhana Potofu Kuhusu Wasanii Transjenda wa Uingereza

Kila Desemba kumbi za Uingereza hujaa familia zinazokwenda kutazama panto, mchezo wa vichekesho na nyimbo wa msimu wa Krismasi. Mwanamume mzima aliyenyoa ndevu asubuhi hupakwa poda, hutiwa mito kifuani, kisha huigiza mama mjane mwenye maneno mengi; shujaa kijana, kwa desturi, huigizwa na msichana. Watoto hucheka, mabibi hucheka, na hakuna anayeandika barua gazetini kulalamika. Zamani zaidi, kabla ya 1660, wanawake hawakuwa wakiigiza kwenye kumbi za kulipia za London, na wavulana ndio waliovaa magauni ya malkia. Waingereza, basi, hawashangai gauni la kuigizia. Kelele humwandama yule ambaye taa zikizimwa halivui, kwa kuwa kwake hilo ni vazi la kila siku. Dhana nyingi kuhusu wasanii transjenda, yaani watu ambao jinsia wanayoiishi si ile waliyoandikishwa walipozaliwa, huanzia hapo, kwenye kuchanganya kazi ya mtu na maisha yake.

Dhana: Transjenda na msanii wa dragi ni mamoja

Dragi, yaani kuvaa na kuigiza kama jinsia nyingine ili kuburudisha, ni kazi ya jukwaani, yenye wigi, jina la kuchekesha na saa ya kuanza. Marehemu Paul O'Grady alivaa wigi la Lily Savage kwa miaka katika baa ya Royal Vauxhall Tavern, kusini mwa London, kisha akaliweka kando na kuendelea kupendwa kwenye televisheni kwa jina lake mwenyewe. Hakuwa transjenda. Wapo transjenda wanaofanya dragi, lakini wengi wao hawajakanyaga jukwaa maishani. Ni wauguzi, walimu, madereva.

Dhana: Ni fasheni iliyoletwa na mitandao ya kijamii

Angela Morley, mzaliwa wa Leeds, alianza kuishi kama mwanamke mwaka 1972, akiwa tayari mpangaji wa muziki mwenye jina redioni na kwenye filamu. Baada ya hapo aliteuliwa mara mbili kuwania Oscar. Kabla yake alikuwepo Roberta Cowell, rubani wa ndege ya kivita ya Spitfire katika Vita Kuu ya Pili na dereva wa magari ya mashindano, aliyefanyiwa upasuaji wa kubadili jinsi mwaka 1951. Daktari Michael Dillon alikwisha kufanyiwa wake katika miaka ya 1940. Simu ya mkononi haikuwa hata ndoto.

Dhana: Ukifanyiwa upasuaji, sheria inakutambua

Aliyelipia dhana hii kwa kazi na ndoa yake ni April Ashley, mwanamke transjenda. Alizaliwa Liverpool mwaka 1935, akawa baharia akiwa kijana, halafu msanii wa kabarei Paris. Mwaka 1960 alifanyiwa upasuaji Casablanca, akarudi London na kuwa mwanamitindo aliyepigwa picha na jarida la Vogue. Mwaka 1961 gazeti la Sunday People likatangaza siri yake kwa nchi nzima. Kazi zikakauka siku zilezile, na jina lake likaondolewa hata kwenye filamu aliyokuwa amecheza sehemu ndogo.

Mwaka 1963 aliolewa na Arthur Corbett, mwana wa ukoo wa kikabaila, ambaye alijua habari zake zote. Ndoa ilipoharibika, Corbett alikwenda mahakamani kuomba itamkwe kwamba haikuwahi kuwa ndoa. Mwaka 1970 Jaji Ormrod, ambaye pia alisomea udaktari, alikubali: jinsi ya mtu, kwa ajili ya ndoa, ni ile aliyozaliwa nayo, na kisu cha daktari hakiibadili. Kesi ya nyumba moja ikawa kanuni ya nchi kwa zaidi ya miaka 30.

Kanuni hiyo iliangushwa na Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya mwaka 2002, katika kesi ya Goodwin, mwanamke transjenda wa Uingereza. Bunge likatunga Sheria ya Utambuzi wa Jinsia ya 2004, na Ashley, akiwa na miaka 70 hivi, akapata cheti kipya cha kuzaliwa. Mwaka 2012 alipewa nishani ya MBE kwa kutetea usawa wa transjenda. Nishani ni jambo jema, ila sijui ni nishani gani inayorudisha kazi za miaka yake bora.

Sheria hiyo ya 2004 haidai upasuaji kabisa. Mwombaji awe na miaka 18, awe na taarifa za madaktari, aonyeshe kwamba ameishi katika jinsia hiyo kwa miaka miwili, na aape kwamba ataendelea hivyo hadi kufa. Jopo husoma karatasi bila kumwona mtu. Ada ilikuwa pauni 140. Mwaka 2021 ilishushwa hadi 5. Pamoja na hayo, waliopata cheti hicho tangu kianze ni maelfu machache tu. Maisha ya kila siku huendeshwa na karatasi nyingine. Jina hubadilishwa kwa hati ya kiapo ambayo mtu mzima huweza kuiandaa mwenyewe mbele ya shahidi. Pasipoti hubadilishwa kwa barua ya daktari. Leseni ya udereva nayo ina kisa chake: namba yake huficha jinsia, kwani kwa mwanamke tarakimu ya kwanza ya mwezi wa kuzaliwa huongezwa 5. Msanii anayezunguka na gari lake kutoka mji hadi mji, akisimamishwa na polisi, huwa amebeba siri hiyo mfukoni bila kujua.

Dhana: Homoni hubadili kila kitu, sauti ikiwemo

Kwa msanii hili ndilo zito kuliko yote, na ndilo lisilosemwa sana.

Mwanamume transjenda, yaani aliyeandikishwa msichana alipozaliwa, akianza testosteroni, homoni ya kiume, nyuzi zake za sauti hunenepa na sauti hushuka kama ya mvulana anayebaleghe. Haipandi tena, hata akiacha dawa. Kama ni mwimbaji, kuna miezi ya kukwaruza na kupasuka katikati ya wimbo, na nyimbo zote alizozizoea zipangwe upya kwa sauti ya chini. Wako wanaochelewesha dawa kwa ajili ya koo tu.

Kwa mwanamke transjenda, estrojeni, homoni ya kike, haipandishi sauti hata kidogo. Koo lililokwisha kupanuka wakati wa kubaleghe hubaki lilivyo. Kinachobaki ni mazoezi: kiimbo, pumzi, mahali mlio unapokaa kinywani. Rebecca Root, aliyekuwa nyota wa vichekesho vya *Boy Meets Girl* vya BBC mwaka 2015, amekuwa pia mwalimu wa sauti. Wengine huamua kuiacha sauti yao ilivyo. Mwimbaji ANOHNI, mzaliwa wa Chichester, alishinda Tuzo ya Mercury, ya albamu bora, mwaka 2005 akiwa na kundi lake, kwa sauti ambayo hakuna mwingine anayo.

Homoni zenyewe hazipatikani kirahisi. Lengo la NHS, huduma ya afya ya umma, ni wiki 18 tangu rufaa hadi matibabu. Kwenye kliniki za jinsia za watu wazima foleni huhesabiwa kwa miaka. Kwa watoto milango ni myembamba zaidi: dawa za kuzuia kubaleghe kwa ajili ya masuala ya jinsia zilipigwa marufuku mwaka 2024 kwa walio chini ya miaka 18, isipokuwa kwa utafiti na kwa waliokwisha kuzianza.

Dhana: Mahakama imewafutia haki zote

Tarehe 16 Aprili 2025, majaji watano wa Mahakama ya Juu walisema kwa kauli moja kwamba "mwanamke" katika Sheria ya Usawa ya 2010 maana yake ni mwanamke wa kibaiolojia, na cheti cha 2004 hakibadili hilo ndani ya sheria hiyo. Hukumu hii ina uzito mkubwa, hasa kwa huduma zilizotengwa kwa jinsi moja, na si haki kumwambia mtu asihofu. Lakini majaji haohao walikumbusha kwamba kubadili jinsia bado kunalindwa na sheria hiyohiyo. Mwenye ukumbi akimfukuza mchekeshaji kwa sababu ni transjenda anavunja sheria leo kama alivyoivunja jana. Ulinzi huo haudai cheti wala dawa.

Vyoo ndivyo vilivyozua maneno mengi. Kanuni za mahali pa kazi za 1992 zinataka vyoo vya wanaume na wanawake vitengwe, isipokuwa kila choo kikiwa chumba chake chenye kufungwa kwa ndani. Baa ndogo yenye choo kimoja na komeo haina tatizo. Ukumbi mkubwa ndio unaoumiza kichwa.

Dhana: Siku hizi wao ndio wanaopata kazi

Tamthilia ya Coronation Street ilipomwingiza Hayley, mhusika transjenda, mwaka 1998, aliigizwa na Julie Hesmondhalgh, ambaye si transjenda. Annie Wallace, mwigizaji transjenda, alisaidia katika utafiti wa mhusika huyo. Yeye mwenyewe alisubiri hadi 2015 kupata nafasi ya kudumu, katika tamthilia nyingine, Hollyoaks.

Umaarufu nao haumsindikizi mtu barabarani. Mwaka 2016 Travis Alabanza, msanii transjenda wa jukwaani, alikuwa akivuka daraja la Waterloo, London, mchana kweupe alipotupiwa baga na kutukanwa. Watu walikuwa wengi, na hakuna aliyesogea. Aliligeuza tukio hilo kuwa onyesho, akikaanga baga mbele ya watazamaji.

Halafu kuna jina. Equity, chama cha wasanii, hakiruhusu wanachama wawili watumie jina moja la kazi. Kwa hiyo mtu huweza kupata jina lake kwenye pasipoti, benki na leseni, akakuta kwenye mabango limeshachukuliwa na mwenzake. Kazi zake za zamani nazo zinabaki na jina la zamani. Hifadhidata ya filamu ya IMDb ilianza mwaka 2019 tu kuruhusu jina la kuzaliwa liondolewe mwenyewe akiomba.