DLA ya mtoto ikikataliwa: kazi iko kwenye daftari la usiku

Mzazi akiletewa barua ya kukataliwa DLA huniambia, "Wanasema mwanangu haumwi." Naomba niisome. Mara nyingi haisemi hivyo, ugonjwa wameukubali.

DLA, kwa kirefu Disability Living Allowance, hulipwa familia za England na Wales zenye mtoto wa chini ya miaka 16 mwenye ugonjwa au ulemavu unaohitaji uangalizi wa ziada. (Scotland ina posho yake na taratibu zake.) Sheria inataka mahitaji ya mtoto yazidi kwa kiasi kikubwa yale ya mwenzake wa umri uleule asiye na tatizo hilo. Hapo ndipo maombi mengi hukwama, na hapo ndipo rufaa inapaswa kulenga.

Hatua ya kwanza ni kuiomba DWP, wizara ya serikali inayotoa uamuzi huo, iangalie upya uamuzi wake ndani ya mwezi mmoja tangu tarehe ya barua. Ukichelewa kwa sababu ya msingi, omba hata hivyo na uieleze sababu yenyewe. Wakishikilia msimamo wao watakutumia barua ya pili; itunze, maana unaihitaji kukata rufaa kwenye baraza huru. Hapo tena una mwezi mmoja. Hulipi ada yoyote.

Sasa daftari. Chukua mtoto wa miaka saba mwenye kifafa. Mama anaandika: "Saa nane usiku, kifafa kimemshika. Nimemlaza ubavu, nimekaa naye mpaka kikaisha. Amejikojolea, nimemwosha, nimebadilisha shuka. Amelala tena saa tisa kasorobo. Saa kumi na moja nimeamka kumwangalia anavyopumua." Pembeni anaongeza kwamba mdogo wake wa miaka mitano hulala mpaka asubuhi bila kuamshwa. Siku chache zilizoandikwa hivi humsaidia jaji kuliko kurasa tatu za "anahitaji msaada sana". Tena usiku una uzito wake kisheria: kiwango cha juu cha uangalizi ni cha mtoto anayehitaji msaada mchana na usiku. Akipata cha kati au cha juu, anayemlea kwa saa 35 au zaidi kwa wiki anaweza kuomba Carer's Allowance, yaani posho ya mlezi, ikiwa anatimiza masharti mengine.

Kinachoniumiza ni majibu ya kwenye fomu. Swali linauliza mtoto analalaje, mama anajibu, "Tunamshukuru Mungu, anaendelea vizuri." Kwetu ni adabu kushukuru kwanza, wala hakuna mzazi anayependa kumwanika mwanawe. Ofisa anayesoma yeye anaona tu kwamba hakuna shida. Nakusihi, mama, shukrani zako zipeleke kwa Mungu, na fomu iambie usiku wenu ulivyo.

Shule nayo huandika "anaendelea vizuri darasani". Mwombe mwalimu aeleze ni nani anayekaa naye, muda gani, na ingekuwaje mtu huyo asipokuwepo.

Barua mpya ya daktari inafaa ikiwa inazungumzia hali ilivyokuwa wakati uamuzi ulipotolewa, kwa kuwa baraza linaangalia wakati huo. Mtoto akizidiwa baadaye, tafuta ushauri kuhusu kuomba upya huku rufaa ikiendelea. Na kama ulipewa kiwango cha chini ukataka cha juu, pata ushauri kabla ya kukata rufaa, kwani baraza lina uwezo wa kupunguza pia.

Kwenye fomu ya rufaa, chagua kusikilizwa badala ya kuamuliwa kwa karatasi tu. Kwa kawaida utakaa mbele ya jaji, daktari na mtu mwenye uzoefu wa masuala ya ulemavu. Watakuuliza siku yenu inavyokwenda, na mtoto kwa kawaida halazimiki kuja. Mkalimani ni bure, ila mwombe mapema, na utaje Kiswahili chako: mama wa Bukavu akipewa mkalimani aliyezoea Kiswahili cha Mombasa, mengi yanaweza kupotea njiani. Usimtwike mwanao mkubwa kazi hiyo.