Je, wajua dawa ya OCD hupimwaje ilhali ugonjwa wenyewe hauonekani?

Malaria ina kipimo cha damu, mfupa uliovunjika una eksirei. OCD, ule ugonjwa wa mawazo yanayomng'ang'ania mtu na vitendo asivyoweza kuacha kuvirudia, haina kipimo cha aina hiyo. Mwenye kidonge kipya atajuaje kama kinafanya kazi?

Anauliza. Tangu 1989 lipo dodoso liitwalo kipimo cha Yale-Brown: maswali 10, kila jibu alama 0 hadi 4. Alama hazitegemei mgonjwa anaogopa nini. Anayenawa mikono mpaka ngozi ichanike na anayerudi kila mara kukagua kitasa huulizwa yale yale: hali hii inakula saa ngapi za siku yako? Inakukwamisha kiasi gani? Unaweza kuidhibiti? Mawazo yakimshika mtu zaidi ya saa 8 kwa siku, hiyo ni 4 kamili. Jumla ikishuka kwa 35 hivi katika kila 100, watafiti wengi huhesabu amepata nafuu.

Katika jaribio la dawa, washiriki hugawanywa kwa bahati nasibu: hawa dawa, wale kidonge kinachofanana nayo lakini kitupu, na si mgonjwa wala daktari anayejua nani kapewa nini. Majaribio mawili ya klomipramini, mojawapo ya dawa za OCD, huko Marekani, yaliyochapishwa 1991, yalihusisha wagonjwa zaidi ya 500 kwa wiki 10. Kwa waliomeza dawa, alama zilishuka kwa asilimia 38 na 44. Kwa wa kidonge kitupu, asilimia 3 na 5 tu. Katika sonona, kidonge kitupu huwapa wengi nafuu. OCD haidanganyiki kirahisi hivyo.

Ila siri huvuja. Klomipramini hukausha kinywa, na mgonjwa anayeomba maji kila dakika ameshabashiri alichopewa. Kwa hiyo baadhi ya majaribio hutenganisha kazi: mmoja hushughulikia madhara ya dawa, mwingine asiyejua lolote kuhusu madhara hayo ndiye anayetoa alama.

Mara nyingi dawa mpya huongezwa juu ya ile ya zamani iliyomsaidia mtu nusunusu. Hapo kuna sharti moja gumu: dozi ya zamani isiguswe kwa wiki kadhaa kabla ya kuanza, wala katikati ya jaribio. Ikibadilishwa, nafuu ikija, hakuna atakayejua imeletwa na kidonge kipi.