Acheni kuwasingizia Waluddi

Nafundisha historia ya uchumi wa Uingereza, na kila mjadala wa kompyuta na ajira unapopamba moto huwa najua kauli itakayofuata: "Tusiwe kama Waluddi." Juzi nimeisikia tena, safari hii kwa msomi. Kauli hiyo imebeba madai mawili. La kwanza, kwamba wale watu, mafundi wa nguo wa Uingereza waliovunja mashine mwanzoni mwa karne ya 19, walikuwa wajinga walioogopa mashine mpya. La pili, kwamba hofu yao ilikuwa bure kwa sababu kazi nyingine zilipatikana na wote wakaneemeka. Yote mawili yana kasoro, lakini la kwanza linaniudhi zaidi, maana kulikanusha kunahitaji kutazama tarehe tu.

Mashine zilizovunjwa Nottinghamshire kuanzia Machi 1811 zilikuwa fremu za kufuma soksi. Fremu hiyo ilibuniwa na William Lee wa Calverton, hapohapo Nottinghamshire, mwaka 1589. Piga hesabu: zaidi ya miaka 200. Waliozivunja walizaliwa katika nyumba zenye fremu, wakalelewa kwa kipato cha fremu, na wenyewe walikuwa mafundi wa fremu. Wanaambiwaje kwamba walikiogopa kitu kigeni?

Walichokipinga ni namna fremu zilivyokuwa zikitumiwa, na hapa naomba subira kwa sababu ndipo kiini kilipo. Soksi ya fundi hufumwa ikifuata umbo la mguu, na kingo zake hufungwa kwenye fremu yenyewe. Wafanyabiashara wakaanza kufumisha kitambaa kipana, wakakikata kwa mkasi na kukishona kiwe soksi. Mshono huo haukudumu. Lakini soksi yenyewe ilikuwa ya bei rahisi, ikaharibu sifa ya bidhaa zote za mkoa na kuvuta chini ujira wa kila mfumaji. Juu ya hilo, matajiri waliwaajiri vijana ambao hawakumaliza uanagenzi wao. Na fremu nyingi hazikuwa mali ya mfumaji. Alizikodi, na kodi ilikatwa kwenye ujira wake hata kazi ilipokuwa haba. Ndiyo maana uvunjaji ulikuwa wa kuchagua: katika karakana moja fremu za tajiri aliyepunja zilipondwa, na za aliyelipa kiwango kilichokubaliwa zikaachwa bila kuguswa. Mtu anayechukia mashine hachagui hivyo.

Tena walijaribu njia ya sheria. Mwaka 1812 kamati ya wafumaji, ikiongozwa na Gravener Henson, ilipeleka muswada bungeni. Ukapita bunge la chini, Baraza la Malodi likautupa. Bunge hilohilo, mwaka huohuo, lilikuwa limeshapitisha adhabu ya kifo kwa kuvunja fremu, na mshairi Byron alisimama mbele ya Malodi wenzake kuipinga.

Yorkshire ni kesi nyingine, na vitabu vya shule vinakosea kuichanganya na ya Nottinghamshire. Kule mafundi wa kunyoa sufi walifanya kazi ya kulainisha uso wa kitambaa kwa mikasi mikubwa mno, na mashine iliyokuja kweli iliwaondoa wao. Hapo siwezi kusema suala halikuwa mashine. Ila walikuwa na sheria upande wao: tangu enzi za mfalme Edward VI mtambo wa kuinua manyoya ya kitambaa ulikuwa umepigwa marufuku. Wakachanga fedha, wakaweka mawakili, wakadai sheria itekelezwe. Bunge likaisimamisha sheria, kisha mwaka 1809 likaifuta. Nyundo zilitoka miaka mitatu baadaye. Kiwanda cha Rawfolds kilishambuliwa usiku wa tarehe 11 Aprili 1812, na Januari 1813 watu 17 walinyongwa York.

Nasita hata kuziita ghasia hizi kwa jina moja. Nottinghamshire, Yorkshire na Lancashire zilikuwa na migogoro mitatu tofauti, na jina la Ned Ludd, mtu ambaye huenda hakuwahi kuwepo, ndilo lililoziunganisha. Naendelea kulitumia kwa sababu wao wenyewe walilitumia katika barua zao za vitisho.

Sasa dai la pili. Fikirieni mashine za kusokota uzi: jenny, mule na zile za Arkwright. Zilizalisha uzi mwingi kiasi kwamba wafumi wa mkono hawakutosheleza kuutumia. Yaani mashine za kusokota ndizo zilizowapa wafumi wa pamba neema mwishoni mwa karne ya 18. Wakati huohuo ziliwanyang'anya kazi wanawake waliosokota majumbani, kundi kubwa kuliko Waluddi wote, na takwimu zetu za ujira karibu zote ni za wanaume. Mkisoma mchoro unaoonyesha maisha yakiboreka, ulizeni kwanza ni ujira wa nani.

Wafumi wa pamba wa Bolton, Lancashire, waliokuwa wakipata takriban shilingi 25 kwa wiki mwaka 1800 walikuwa wameshuka hadi 14 kufikia 1811. Watu husema kilichowashusha ni kitanda cha mfumi cha mvuke, yaani mashine ya kufuma. Hapana! Mwaka 1813 vitanda hivyo vilikuwa kama 2,400 nchi nzima, dhidi ya wafumi wa mkono zaidi ya 200,000. Kilichowaangusha mwanzoni ni vita na Napoleon vilivyofunga masoko, na kazi iliyofunzwa kwa muda mfupi hivyo kila aliyekosa kazi akaikimbilia. Mashine ilikuja kuwamaliza watu ambao tayari walikuwa chini: vitanda vya mvuke 100,000 mwaka 1833, robo milioni mwaka 1850.

Je, kazi mpya zilipatikana? Zilipatikana, lakini kwa wengine. Kiwanda hakikumtaka mfumi wa miaka 45 aliyezoea kujipangia saa zake. Kilimtaka binti yake. Hadi sheria ya 1833, iliyozuia watoto wa chini ya miaka tisa katika viwanda vingi vya nguo, hapakuwa na wakaguzi wa serikali, na baada yake waliwekwa wanne kwa nchi nzima. Kuhusu ujira halisi, wataalamu tunabishana mpaka leo, hasa juu ya bei ya mkate na kodi za nyumba. Makadirio ya mwanahistoria wa uchumi Robert Allen, ambayo nayaona yana uzito, yanaonyesha kuwa kati ya 1780 na 1840 uzalishaji kwa kila mfanyakazi ulipanda kwa asilimia 46 na ujira halisi kwa asilimia 12 tu. Wapo wanaotoa picha nzuri zaidi. Nikiwasoma hubaki na shaka juu ya afya: miji ya viwanda iliua watoto wengi kuliko vijiji, na ujira hauionyeshi hasara hiyo.

Wafumi wa pamba waliomba kiwango cha chini cha ujira mwaka 1808, Bunge likakataa. Tume ya serikali ilitoa ripoti yake mwaka 1841: hakuna sheria itakayowapandishia ujira, waiache kazi hiyo na wasiwaingize watoto wao. Aliyekuwa na miaka 20 alipopeleka ombi alikuwa na 53 alipopewa ushauri huo.