Utamaduni wa taifa katika usimamizi wa wafanyakazi kimataifa: maana yake kazini

Usimamizi wa rasilimali watu wa kimataifa ni kazi ile ile ya kuajiri, kufundisha, kupima, kulipa na kuachisha watu, ila mwajiri ana watu katika nchi zaidi ya moja. Utamaduni wa taifa ni yale ambayo wengi katika nchi huyaona kuwa ndiyo kawaida, hayahitaji maelezo: nani aanze kusema kikaoni, mkubwa akosolewe vipi, ndugu ana haki gani juu ya muda na mshahara wako. Mambo haya mawili hukutana kwenye fomu. Kila fomu ya ofisi ya utumishi imebeba dhana za aliyeitunga kuhusu jinsi watu wanavyoishi, na ikivuka mpaka huvuka na dhana hizo.

Chukua tathmini ya utendaji. Mwaka 2004 utumishi wa umma Tanzania ulianza kutumia OPRAS, kwa Kiswahili MWAMTUKA (Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi), badala ya ripoti ya siri iliyoandikwa na mkuu peke yake. Fomu ilikuwa na nafasi tatu za alama: mtumishi ajipe yake, msimamizi atoe yake, kisha wakubaliane moja, kuanzia 1 kwa kazi bora kabisa hadi 5 kwa kazi mbaya sana. Muundo huo unachukulia kwamba mtu anaweza kumwambia bosi wake uso kwa uso kuwa alama si ya haki, na kesho wakaendelea na kazi bila kinyongo. Mahali ambapo kumbishia mkubwa ni utovu wa adabu, alama ya makubaliano huwa nakala ya alama ya msimamizi, au wote wawili hujaza 2 ili yaishe. Fomu inarudi imejaa, na hakuna kilichopimwa. (Tusiuonee utamaduni, lakini. Malengo yaliyopangwa bila bajeti ya kuyatekeleza huua mfumo wowote wa tathmini, hata huko ulikotoka.)

Dawa si kurudi kwenye ripoti ya siri. Msimamizi aandike kwanza ushahidi wa kazi, yaani tarehe, idadi, kilichokamilika na kilichokwama, kabla ya alama yoyote. Mtumishi alete maoni yake kwa maandishi siku chache kabla ya kikao, kwa sababu wengi huandika wasichoweza kukitamka mbele ya mkubwa. Awepo mtu wa tatu anayeheshimiwa na pande zote. Maswali nayo yabadilike. Ukimuuliza mtu wa chini yako "utaweza kumaliza Ijumaa?" jibu ni "ndiyo, mkuu", na halina taarifa ndani yake. Ukiuliza "nini kinaweza kutuchelewesha tusimalize Ijumaa?" umempa ruhusa ya kutaja tatizo bila kukukatalia.

Tofauti hiyo ya namna watu wanavyomkabili mkubwa ndiyo Geert Hofstede, mtafiti wa Uholanzi, aliyoiita umbali wa madaraka: kiasi ambacho walio chini huona ni sawa madaraka yasigawanywe kwa usawa. Alichambua zaidi ya madodoso 100,000 yaliyojazwa na wafanyakazi wa IBM, kampuni ya kompyuta ya Marekani, kati ya 1967 na 1973. Katika majedwali yake, ambamo namba kubwa ni umbali mkubwa, Denmark ina 18, Ujerumani 35, Afrika Mashariki 64 na Malaysia 104. Kwenye kipimo cha mtu kujitazama yeye kabla ya kundi lake, Marekani ina 91 na Afrika Mashariki 27.

Namba hizo hupendwa sana kwenye semina, na hapo ndipo hutumika vibaya. "Afrika Mashariki" ya Hofstede ni Kenya, Tanzania, Ethiopia na Zambia zilizochanganywa kuwa alama moja. Waliojibu walikuwa waajiriwa wa kampuni moja ya kompyuta, zaidi ya nusu karne iliyopita. Zaidi ya yote ni wastani wa kundi, na wastani hausemi lolote kuhusu mwombaji aliyekaa mbele yako. Zinafaa kukuonyesha pa kuulizia. Kumchuja mtu kwa namba ya nchi yake ni ubaguzi uliovishwa suti ya utafiti.

Mfano mwingine ni msiba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inatoa angalau siku 4 zenye malipo kwa kuuguliwa au kufiwa na mtoto, au kufiwa na mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Baba mdogo na shangazi hawamo. Mfanyakazi aliyelelewa na baba mdogo atajaza kuwa amefiwa na baba, na kwa hesabu ya nyumbani kwao hajadanganya. Mkaguzi kutoka makao makuu ya Ulaya akikuta mtu mmoja amezika baba mara mbili, ataandika udanganyifu. Kwa kuwa sheria imeweka kiwango cha chini tu, sera ya kampuni inaweza kutoa idadi fulani ya siku za msiba kwa mwaka na kumwachia mfanyakazi ataje jamaa mwenyewe. Hesabu inadhibitika, na hakuna anayelazimika kubadilisha ukoo kwenye karatasi.

Upande wa pili wa dunia mambo ni yale yale. Walmart, kampuni ya maduka makubwa ya Marekani, iliingia Ujerumani mwishoni mwa 1997 na kuondoka 2006, ikiyauza maduka yake 85 kwa Metro, kampuni ya maduka ya Ujerumani. Mwaka 2005 ilijaribu kutumia huko kanuni zake za maadili kutoka Marekani, zilizobana uhusiano wa kimapenzi kati ya wafanyakazi na kuweka simu ya kuripoti makosa ya wenzao. Mahakama ya kazi ya Wuppertal, kisha ya rufaa Düsseldorf, zilikataa sehemu ya kanuni hizo. Nyingine zilivunja faragha ya mtu, nyingine zilihitaji kwanza ridhaa ya baraza la wafanyakazi, ambalo kwa sheria ya Ujerumani lina sauti katika taratibu za mwenendo kazini. Katika nchi iliyopitia Gestapo na Stasi, polisi wa siri wa Wanazi na wa Ujerumani Mashariki, simu ya kumripoti mwenzako haisikiki kama uwazi. Biashara yenyewe iliumizwa pia na bei za Aldi na Lidl, maduka ya bei nafuu ya huko, kwa hiyo anayesema Walmart iliangushwa na utamaduni peke yake anarahisisha mno. Ila kosa la kanuni lilikuwa la ofisi ya utumishi, na lingeepukika kwa kukaa na baraza kabla ya kuchapisha.

Howard Perlmutter, msomi wa usimamizi, mwaka 1969 aligawa kampuni za kimataifa kwa mtazamo wa wakuu wake: zinazopeleka watu na taratibu za nyumbani kila mahali, zinazoliachia kila tawi lifanye kienyeji, na zinazochukua kilicho bora popote kilipotoka. Kampuni moja huwa na mitazamo yote mitatu kwa wakati mmoja, na inafaa iwe hivyo. Usalama kazini na marufuku ya rushwa havibadiliki kwa nchi. Namna ya kukosoa, kuendesha kikao na kuhesabu jamaa hubadilika.

Panapogombaniwa ni katikati, hasa ajira ya ndugu. Makao makuu huita upendeleo. Fundi mkuu anayemleta mpwa wake huona anatimiza wajibu, na tena anamdhamini, kwa maana mpwa akiiba aibu ni yake. Ukipiga marufuku moja kwa moja, ndugu wataendelea kuingia ila hawatatajwa. Utaratibu unaoweza kusimama ni huu: anayemleta ndugu amtaje kwa maandishi, asikae kwenye jopo la usaili, na mpwa akipata kazi asiwe chini ya mjomba wala asisainiwe naye likizo, posho au tathmini.