Seppuku: kifo kilicholinda jina la ukoo

Swali ninaloulizwa sana darasani kuhusu samurai, askari wa Japani ya zamani, ni hili: mtu alipata wapi ujasiri wa kujitoa roho kwa amri ya mwingine? Mimi huwauliza wanafunzi swali jingine: alipokwisha kufa, nani alirithi nyumba yake? Kadiri ninavyoendelea kuisoma historia ya Japani ndivyo ninavyoamini kwamba huwezi kuielewa seppuku, yaani desturi ya samurai ya kujiua kwa kujipasua tumbo, ukiichungulia moyoni mwa anayekufa peke yake. Lazima umtazame pia mwanawe, mdogo wake, na posho ya mchele iliyoandikwa kwa jina la ukoo.

Mwanzoni ilikuwa desturi ya vita. Mwaka 1180 Minamoto no Yorimasa, mzee aliyevuka miaka 70, alishindwa na jeshi la ukoo wa Taira huko Uji. Aliingia katika hekalu la Byodo-in, akatunga shairi la kuaga, akajiua, na kichwa chake kikafichwa ili maadui wasikipate. Zama hizo kichwa cha adui kilikuwa na thamani kubwa, kwani askari alikipeleka kwa bwana wake ili apewe ardhi. Kujiua kabla ya kutekwa kulimnyima mshindi tuzo hiyo, na kulimwepusha aliyeshindwa na fedheha.

Baadaye kifo hicho kikawa cha kupatania. Mwaka 1582 jemadari Toyotomi Hideyoshi alijenga tuta, akageuza maji ya mto na kuifurikisha ngome ya Takamatsu katika jimbo la Bitchu. Mkuu wa ngome, Shimizu Muneharu, alikubali kufa ili watu wake wasalimike. Alipigiwa makasia hadi katikati ya maji, akafia ndani ya mashua mbele ya majeshi yote mawili, na mapatano yakafungwa. Kwangu mimi hakuna kisa kinachoonyesha wazi zaidi kwamba kifo cha mtu mmoja kiliweza kulipia uhai wa wengi.

Utawala wa Tokugawa ulipoleta amani katika karne ya 17, seppuku ilihama kutoka uwanja wa vita ikaingia katika sheria. Mhalifu wa kawaida alikatwa kichwa kwa aibu, lakini samurai aliweza kuhukumiwa seppuku: mavazi meupe, mashahidi waliopangwa kwa vyeo, na msaidizi nyuma yake mwenye upanga, aitwaye kaishaku, ambaye ndiye hasa aliyemaliza kazi. Kadiri miaka ilivyopita, mara nyingi kwenye kisahani uliwekwa upepeo wa mkono badala ya jambia, na mtu alipounyooshea mkono tu upanga ulishuka. Faida ya hukumu hii ni kwamba mara nyingi iliacha mlango wazi kwa warithi. Posho ya samurai ilihesabiwa kwa koku, kipimo cha mchele cha lita 180 hivi, kinachokadiriwa kumtosha mtu mmoja mwaka mzima. Ukoo uliopoteza koku zake ulibaki bila chakula na bila cheo.

Serikali ilijua pia kukataza. Shoguni, yaani mtawala wa kijeshi, Tokugawa Iemitsu alipofariki mwaka 1651, Hotta Masamori na Abe Shigetsugu, waliokuwa miongoni mwa maofisa wake wakuu, walijiua ili wamfuate. Desturi hii iliitwa junshi, na watu waliisifu. Lakini kila mtawala aliyekufa aliwachukua watu wazoefu ambao mrithi wake aliwahitaji, na uaminifu uliishia kwa mtu badala ya kubaki kwa nyumba yake. Mwaka 1663 junshi ikapigwa marufuku. Miaka mitano baadaye, Okudaira Tadamasa alipokufa, mtumishi wake mmoja aliivunja amri. Serikali iliwaua wana wa mtumishi huyo, na ukoo wa Okudaira ukahamishwa kutoka Utsunomiya hadi Yamagata, koku zake zikashuka kutoka 110,000 hadi 90,000. Kitendo kilichokuwa kikisifiwa juzi sasa kililetea ukoo maangamizi, na junshi ikakoma kwa muda mrefu.

Hapo ndipo kinapoeleweka kisa mashuhuri cha kisasi cha watu wa Ako. Mwezi Aprili 1701, ndani ya ngome ya Edo, jiji ambalo leo ni Tokyo, Asano Naganori alimjeruhi ofisa Kira Yoshinaka kwa upanga. Siku hiyo hiyo aliamriwa seppuku, tena uani, mahali pasipomstahili mtu wa cheo chake, na eneo lake la Ako lenye koku 50,000 likachukuliwa. Wengi hukumbuka kisasi tu. Mimi huwasisitizia wanafunzi kile kilichotangulia: Oishi Kuranosuke, mkuu wa watumishi wa Asano, alitumia zaidi ya mwaka kuomba nyumba ifufuliwe chini ya mdogo wake Asano. Ombi lilipokufa katikati ya 1702, ndipo alipoamua kumvamia Kira. Yeye na wenzake walimuua mwishoni mwa Januari 1703, wakapeleka kichwa chake kwenye kaburi la bwana wao katika hekalu la Sengakuji.

Serikali ilijadiliana kwa wiki kadhaa. Wapo walioona kwamba wasifiwe kwa uaminifu wao. Wapo walioona sheria imevunjwa. Mwanazuoni Ogyu Sorai alitoa hoja kwamba haki ya mtu binafsi haiwezi kushinda sheria ya wote, basi wafe, lakini wafe kwa seppuku. Tarehe 20 Machi 1703 watu 46 walikufa katika makazi ya makabaila wanne waliokuwa wakiwashikilia. Watoto wao wa kiume waliofikisha miaka 15 walipelekwa uhamishoni kwenye kisiwa cha Oshima. Na mwaka 1710 yule mdogo wake Asano alirudishiwa cheo, akapewa koku 500.

Mwaka 1868 Taki Zenzaburo, aliyeamuru wageni wapigwe risasi huko Kobe, alikufa kwa seppuku mbele ya mashahidi wa kigeni, na maelezo ya mmoja wao, Mwingereza Mitford, yakasomwa sana Ulaya. Mwaka 1873 hukumu hiyo ilifutwa katika sheria za Japani.

Lakini desturi haikufutika pamoja nayo. Tarehe 13 Septemba 1912, siku ya mazishi ya Mfalme Meiji, Jenerali Nogi Maresuke na mkewe Shizuko walijiua nyumbani kwao Tokyo. Ilikuwa junshi, karibu miaka 250 tangu ipigwe marufuku. Katika wosia wake Nogi alitaja bendera ya kikosi aliyoipoteza vitani mwaka 1877. Wanawe wote wawili walikuwa wamekufa katika vita dhidi ya Urusi mwaka 1904, na aliomba jambo ambalo samurai wa zama za Tokugawa wangeshindwa kulielewa: asitafutwe mtoto wa kupanga awe mrithi wake, ukoo wa Nogi uishe naye. Mwaka 1915 serikali ilimpa Mori Motosato jina la Nogi na cheo chake, na umma ukagawanyika kwa hasira juu ya uamuzi huo. Mwaka 1934 Mori akakirudisha cheo hicho.