Je, wajua kwa nini kukariri darasa na kukariri somo ni neno moja?

Mwanafunzi wa Tanzania aliyeshindwa mtihani hutakiwa akariri darasa, na mwenzake aliyefaulu kwa kumeza majibu bila kuyaelewa hulaumiwa kwamba alikariri tu. Kitenzi ni kimoja, kwa sababu wote wawili wamerudi mahali walipokwisha kupita.

Kariri limetokana na Kiarabu karrara, yaani kusema au kufanya jambo tena na tena, nalo karrara lina mzizi mmoja na karra, neno la vitani: mpanda farasi alishambulia, akajitenga, kisha akageuza farasi wake na kumrudia adui. Lilipoingia katika Kiswahili, r iliyokazwa ililegea na irabu i ikakaa mwishoni, kama fakkara lilivyotupatia fikiri. Ndiyo maana tunasema “sikariri” bila kuigusa irabu hiyo, ilhali soma, kitenzi cha asili ya Kibantu, hugeuka kuwa “sisomi”.

Mzizi huo umetupa pia takriri. Wanafasihi huliita hivyo jambo la kurudiarudia neno, sauti au mstari ili kusisitiza, lakini madrasani takriri ni sifa ya herufi ra, ambayo hufanya ncha ya ulimi itikisike inapotamkwa. Msomaji wa Kurani hufundishwa sifa hiyo ili ajihadhari nayo, ra moja isije ikasikika kama ra kadhaa.

Maana inayonivutia kuliko zote haikufika kwetu. Kwa Waarabu, kitenzi hichohicho humaanisha pia kusafisha: sukari iliyosafishwa ni sukkar mukarrar, na usafishaji wa mafuta ghafi huitwa takrir. Nasikitika kwamba tuliikosa, maana siku hizi shuleni kukariri hutajwa kama adui wa kuelewa, hali mtoto anayelirudia shairi mara ya kumi mara nyingi hugundua ndani yake jambo ambalo mara ya kwanza lilimpita.

Wako wanaopendelea rudia, na Wakenya husema kurudia darasa. Hilo nalo limejengwa juu ya rudi, kutoka Kiarabu radda, kurudisha, likaongezewa kiambishi cha kutendea cha Kibantu. Kwa hiyo hata anayelikwepa kariri bado anazungumzia safari ileile ya kurejea.