PEP ni masaa 72: maswali ya watu wanaokuja Alhamisi

Mimi ni nesi hapa Kisumu. Wale wanaokuja Jumatatu asubuhi na macho mekundu, wameogopa wikendi yote, hao nawapenda, tunamalizana haraka wanaenda na dawa. Wanaoniuma ni wa Alhamisi. Anakaa kwa benchi akiangalia chini, ukimuuliza ilikuwa lini anakwambia "Jumamosi, sista."

PEP ni nini?
Ni dawa za ARV anazopewa mtu ambaye hana HIV lakini pengine amekutana na virusi. Kondomu imepasuka, umebakwa, umedungwa na sindano ya mtu mwingine. Unameza kila siku kwa siku 28. Hospitali ya serikali hulipii hizo dawa. Si chanjo na haitibu mtu ambaye tayari ameambukizwa.

Niko na masaa mangapi?
72, na yanahesabiwa kutoka ile dakika kitu kilitokea, si kutoka siku ulipata nguvu ya kuambia mtu. Hebu tuhesabu. Kondomu imepasuka Jumamosi saa nane usiku, kuamkia Jumapili. Mwisho wako ni saa nane usiku wa kuamkia Jumatano. Jumatano ukiamka ukanywa chai ndio utoke, umechelewa. Na usingoje hata hiyo Jumanne, juu virusi vikishaingia hukaa muda mfupi pale viliingilia kabla ya kusambaa mwilini, na dawa inafanya kazi vizuri ikivikuta bado hapo. Saa ya 4 ni bora kuliko saa ya 40. Kuja leo.

Si ni heri nipime kwanza nijue kama nimeambukizwa?
Hapana. Hili ndilo linanimaliza. Juzi kijana wa boda alikaa mbele yangu na helmeti kwa magoti, mtu smati kabisa, akaniambia Jumatatu alinunua kile kipimo cha kujipima kwa kemisti, kikatoka negativu, akatulia. Halafu Alhamisi rafiki yake kule steji akamwambia hicho kipimo hakijui mambo ya juzi. Rafiki alisema ukweli. Kipimo cha Jumatatu kinakwambia vile ulikuwa kabla ya Jumamosi, hakikwambii chochote kuhusu Jumamosi yenyewe, kinaweza kuchukua wiki kadhaa hadi miezi 3 kuonyesha. Sisi tutakupima, ndiyo, lakini tunakupima kujua kama tayari unaishi na HIV, halafu dawa unaanza siku hiyohiyo. Negativu ya siku ya pili si ruhusa ya kukaa nyumbani. Narudia: negativu ya siku ya pili si ruhusa ya kukaa nyumbani.

Lakini nilimeza P2.
P2 inazuia mimba. P2 haizuii HIV. Haizuii kisonono, haizuii kaswende. Najua mahali watu wanachanganya, zote mbili zinatajwa na hayo masaa 72, basi msichana anameza P2 anajiambia mambo yote yameisha. Ni dawa mbili za kazi mbili. Kama unahitaji zote utapewa zote siku moja, na hata P2 yenyewe inataka haraka.

Huyo mtu anakaa msafi na ana mwili mzuri.
HIV haikai kwa uso. Na nikwambie kitu, mtu anayejua hali yake, anameza dawa vizuri na kipimo kinaonyesha virusi havionekani kwa damu, huyo hakuambukizi kwa ngono. Ninayemwogopa ni yule mwenye mwili mzuri ambaye hajawahi kupima.

Jirani amenigawia ARV zake za siku tatu, si ni sawa tu?
Siku tatu si siku 28. Na jirani naye atakosa zake. Mrudishie, uje uchukue zako kamili.

Nimebakwa. Niende polisi kwanza?
Hospitali kwanza. Hauhitaji namba ya OB ndio utibiwe, mtu yeyote akikurudisha eti ulete karatasi ya polisi amekosea, mwambie unataka PEP sasa hivi. Ukiweza usioge, na nguo ulizovaa ziweke kwa bahasha ya kaki, si plastiki, juu plastiki inashika unyevu na ushahidi unaoza. Umeshaoga? Kuja hivyo hivyo, hakuna atakayekugombeza. Simu ya 1195 ni ya bure kama unataka mtu wa kukusaidia.

Siku ya 5 nasikia kichefuchefu, niache?
Usiache! Wengine hupata kichefuchefu au kichwa kuuma hizo siku za kwanza, halafu inapungua. Meza na chakula, meza usiku, ikizidi rudi tuongee. Kama unatumia dawa ya kiungulia au vidonge vya kuongeza damu tuambie, kuna vile tunapanga masaa ili zisigombane. Ukimaliza tunakupima, na tena miezi 3 ikifika.

Masaa 72 yamepita. Basi nimekwisha?
Hujakwisha. PEP hatutakupa, lakini kuja tupime, tutibu magonjwa mengine, tukupe tarehe ya kurudi, na utumie kondomu hadi tujue. Halafu kuna wale ninaowaona kila baada ya miezi miwili na stori ileile ya kondomu. Ndugu yangu, wewe unataka PrEP, hiyo inamezwa kabla, iko hospitali za serikali tangu 2017. Tuache kukimbizana.

Ni usiku na kliniki ya CCC, ile ya HIV, imefungwa.
Usingoje ifunguliwe, na usiogope kuonekana ukiingia huko, usiku hauendi huko. Panda boda uende sehemu ya dharura ya hospitali kubwa iliyo karibu. Kwa geti mlinzi akiuliza unaumwa nini, sema tu dharura. Ukifika kwa nesi ndio useme PEP.